Je, tuache kuwatembelea watoto wa makao?

"Sisi ni marafiki kumi na wawili. Tunachanga fedha kila mwezi, na kila baada ya miezi mitatu tunakwenda kwenye makao ya watoto yatima tukiwa na nguo, madaftari na vitu vya kuchezea. Tunashinda nao, tunacheza, tunapiga picha, kisha tunarudi. Watoto hutukimbilia tunapofika na wengine hulia tunapoondoka. Yupo mmoja, wa miaka mitano hivi, ambaye hunishika mkono tangu tunaposhuka garini hadi tunapopanda tena, na safari iliyopita aliniuliza nitamchukua lini. Mwenzetu mmoja ambaye ni mwalimu anasema ziara hizi zinawaumiza watoto na kwamba ni afadhali tusaidie familia. Nilikasirika, kwa sababu tunafanya haya kwa moyo safi. Je, ni kweli tunawaumiza? Na tukigeukia familia, tutazipata vipi bila kuziaibisha, na tutajuaje kwamba msaada wetu haufujwi?"

Ndugu msomaji, hasira yako naielewa. Mtu aliyetoa siku yake ya mapumziko na fedha zake hatarajii kuambiwa kwamba amedhuru. Hata hivyo mwenzenu ana hoja, ingawa ameifupisha kupita kiasi. Madaftari hayajamdhuru mtoto yeyote, wala hakuna aliyeharibika kwa kucheza mpira siku moja na wageni. Tatizo liko katika mpangilio wenyewe, yaani watu wazima wengi wanaofika na upendo mwingi kwa saa chache, kisha wanatoweka, katika maisha ya mtoto ambaye tayari amekwisha kutengana na watu aliowategemea. Kundi lenu ni moja tu. Makao yanayopokea wageni kwa kawaida hupokea makundi mengi, na mtoto wa miaka mitano hana namna ya kujua kwamba ninyi ni tofauti na wale waliokuja wiki iliyotangulia na wakaahidi kurudi.

Ili uone uzito wa jambo hili, ni lazima tuanze mbali kidogo. Mtoto mchanga hawezi kujituliza mwenyewe. Anapoogopa au kuumwa hulia, na mtu mzima yuleyule anapomjia, akambeba, akamjibu kwa sauti na uso anaoufahamu, mwili wake hutulia. Jambo hili likirudiwa maelfu ya mara, mtoto hujenga imani kwamba shida ina mwisho na kwamba yuko mtu wa kuikabidhi. Juu ya imani hiyo ndipo anapojifunza kuthubutu, kusema, kusubiri na, baadaye, kuwaamini watu wengine. Daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, John Bowlby, aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu jambo hili mwaka 1951, akieleza kwamba mtoto anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama au mtu anayeshika nafasi ya mama. Wengi wamerekebisha mambo kadhaa katika nadharia yake tangu wakati huo, hasa mkazo wake juu ya mama peke yake, kwa kuwa baba, bibi au mlezi mwingine anaweza kuijaza nafasi hiyo vizuri. Lakini neno lile "kudumu" halijaondolewa.

Ushahidi mzito zaidi ulipatikana Bucharest, Romania, katika utafiti ulioanza mwaka 2000 ukiongozwa na Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah. Watoto wadogo 136 waliokuwa wakiishi katika taasisi waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walipelekwa kwenye familia za malezi ya kambo, yaani familia zinazompokea mtoto wa wengine na kumlea nyumbani kwao, zilizoandaliwa na kusaidiwa, na nusu wakaendelea na matunzo ya kawaida yaliyokuwapo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliokwenda kwenye familia walikuwa na ukuaji bora wa akili, na kwamba waliopata familia mapema, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili hivi, ndio waliofaidika zaidi. Tofauti kama hiyo ilionekana pia katika uwezo wao wa kujenga uhusiano wa karibu na mlezi. Taasisi zile hazikukosa watu wazima. Zilikosa mtu mmoja ambaye mtoto angeweza kumwita wake.

Sasa turudi kwa watoto wanaowakimbilia. Mnaisoma furaha yao kama uthibitisho kwamba ziara zinawafaa, na nadhani hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi la uelewa, tena kosa ambalo ni rahisi mno kulifanya. Mtoto mdogo anayelelewa na watu wake, akifikiwa na mgeni, kwa kawaida hurudi nyuma kwanza. Hujificha nyuma ya mguu wa mama au mlezi, huchungulia, hupima, kisha taratibu husogea. Mtoto anayemrukia mtu asiyemfahamu, akataka kubebwa na kushikwa mkono kutwa nzima, huenda amejifunza kwamba watu wazima hupatikana kwa bahati, hivyo kila anayepita ni wa kunaswa kabla hajapita. Watafiti wamekuwa wakiiona tabia hii kwa watoto wa taasisi kwa miongo mingi. Simsemi mtoto yule anayekushika mkono, kwa kuwa sijamwona na haingekuwa haki kumpima kwa barua. Ninachosema ni kwamba shangwe ya kupokewa haiwezi kuwa kipimo cha manufaa, kwa sababu kadiri mtoto alivyopungukiwa na mtu wa kudumu, ndivyo anavyoweza kuwapokea wageni kwa shangwe kubwa zaidi.

Pengine utauliza kama kidogo si afadhali kuliko kukosa kabisa. Katika chakula na mavazi, ndiyo. Katika uhusiano, si hivyo kila mara. Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha mwaka 2002 utafiti kuhusu vijana wa Marekani waliounganishwa na watu wazima waliojitolea kuwa rafiki na mshauri wao. Vijana ambao uhusiano wao ulidumu mwaka mmoja au zaidi ndio waliofaidika zaidi. Wale ambao uhusiano wao ulivunjika ndani ya miezi mitatu walionyesha kushuka katika jinsi walivyojithamini. Vijana hao walikuwa wakubwa kuliko mtoto wako wa miaka mitano, nao waliweza kuelezwa kwa nini mtu hakurudi. Kwa hiyo ninapoulizwa na watu wanaotaka kujitolea ni muda gani wanapaswa kuahidi, huwaambia waahidi ule tu ambao hata wakiugua, wakihamishwa kazi au wakichoka wataweza kuutimiza, na kama hauwezi kufika mwaka mmoja, basi watafute kazi ambayo haimfungi mtoto kwao.

Kuhusu swali alilokuuliza, usimpe ahadi ili kumtuliza, wala usiligeuze kuwa utani. Chuchumaa mwe uso kwa uso, umwambie kwa maneno machache kwamba huwezi kumchukua, kwamba kosa si lake, na kwamba mlezi wake fulani, umtaje kwa jina, ndiye anayebaki naye leo na kesho. Kisha mwelezeni mlezi huyo kile mtoto alichouliza, maana yeye ndiye atakayeyapokea machozi ya usiku. Ikiwa moyoni mwako swali lile limeamsha nia ya kweli ya kulea mtoto, njia yake ni ofisi ya ustawi wa jamii, ambako utachunguzwa na kuandaliwa kama mzazi wa kambo au wa kuasili, na hakuna neno la kumwambia mtoto mpaka hatua hizo ziwe zimekamilika.

Kuna neno jingine katika barua yako ambalo lataka kuangaliwa, nalo ni "yatima". Katika takwimu za kimataifa mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja huhesabiwa yatima, hata kama mzazi wa pili yuko hai na anamlea. Katika nchi nyingi watoto wengi wanaoishi kwenye makao wana mzazi hai au ndugu wa karibu, na walifikishwa pale na ufukara, ugonjwa wa mzazi, ulemavu ambao familia haikuweza kuuhudumia peke yake, au umbali wa shule. Ndiyo maana Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa Malezi Mbadala ya Watoto, uliopitishwa na Baraza Kuu mwaka 2009, unasema kwamba umaskini peke yake usiwe kamwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake, bali uwe ishara kwamba familia inahitaji msaada, na kwamba watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka mitatu, walelewe katika mazingira ya familia. Mwaka 2019 Baraza Kuu lilikwenda mbali zaidi, likazitaka nchi kuzuia madhara yanayotokana na programu za kujitolea katika makao ya watoto yatima, zikiwamo zinazoambatana na utalii. Pale ambapo wageni na michango hufuata makao, panazuka pia kishawishi cha kuyajaza.

Je, muache? Kukata ghafla ni kuwa wageni wengine waliopotea, kwa hiyo sishauri hivyo. Zungumzeni kwanza na wasimamizi, panga ziara moja ya kuaga iliyo wazi, watoto waambiwe na walezi wao mapema kwamba mnakuja kuaga na kwa nini, kisha msaada wenu uendelee kwa njia nyingine. Makao mazuri yana mahitaji mengi yasiyohitaji ninyi kubeba watoto, kama vile kulipia mafunzo ya walezi, kukarabati paa, kugharimia nauli ya shangazi anayetaka kumwona mpwa wake kila mwezi, au kumsimamia kijana anayefikisha umri wa kuondoka na hajui hata pa kuanzia kutafuta chumba. Hili la mwisho husahaulika kabisa, kwa sababu kijana wa miaka kumi na minane hapendezi kwenye picha.

Lakini kabla ya kuendelea kuchangia, ulizeni maswali ambayo pengine hamjawahi kuyauliza. Je, makao yamesajiliwa na hukaguliwa? Kila mtoto ana jalada lenye mpango wake, na afisa ustawi wa jamii analifahamu? Ni watoto wangapi waliorudi kwa ndugu zao katika mwaka uliopita? Msimamizi anayefanya kazi yake vizuri hufurahia maswali haya na huwa na majibu. Anayekwepa, au anayewapanga watoto mstari wawaimbie kila wageni wanapoingia, amekwisha kuwajibu. Tena, hata makao bora yakisaidiwa sana yanaweza kuonekana kwa mzazi aliyebanwa kuwa mahali pazuri pa kumpeleka mtoto kuliko nyumbani, na kwa hiyo naelemea upande wa mwenzenu kwamba sehemu kubwa ya nguvu zenu iende kwa familia kabla hazijavunjika.

Hapo ndipo linapokuja swali lako la pili, na naona umeliuliza kwa hofu inayofaa. Msiende nyumba kwa nyumba kutafuta maskini. Waulizeni wale ambao familia huwaendea zenyewe, kama vile mwalimu, mhudumu wa afya ya jamii, afisa ustawi au viongozi wa dini, lakini msiombe orodha ya majina. Waachieni wao wawaeleze wazazi kwamba upo msaada wa namna fulani, na mzazi anayeutaka ndiye atoe idhini ya kuunganishwa nanyi. Tofauti inaonekana ndogo, ila humwachia mtu haki ya kukataa bila kulazimika kujieleza.

Mkikutana naye, msifike na jibu mkononi. Nimewahi kukaa katika kikao ambamo kundi la watu wema lilikuwa tayari limemnunulia mama mmoja magodoro na vyombo. Alipoulizwa ni jambo gani moja likiondoka mzigo wake utapungua, alifikiri kidogo, kisha akasema anahitaji mtu wa kukaa na mapacha wake asubuhi mbili kwa wiki, maana mtoto wake mkubwa ana ulemavu wa viungo na zoezi lake la hospitali humchukua nusu siku, na mara nyingi alikuwa amelikatiza. Magodoro aliyashukuru. Asubuhi mbili kwa wiki hakuna aliyekuwa amezifikiria, wala hazingemgharimu mtu fedha yoyote.

Msaada wa aina hiyo una historia. Mwaka 1973, katika mji wa Leicester nchini Uingereza, Margaret Harrison alianzisha Home-Start, ambapo watu waliojitolea, wengi wao wakiwa wazazi wenyewe, walipewa mafunzo kisha wakaitembelea familia moja yenye mtoto mdogo kila wiki, wakisaidia kazi na kumsikiliza mzazi. Nisikufiche kwamba tathmini za ziara za namna hii hazikubaliani. Baadhi zilikuta wazazi wamepata nafuu, nyingine hazikuona tofauti kubwa na familia ambazo hazikutembelewa. Mtu wa kujitolea hafuti deni la kodi ya nyumba wala hatibu sonona. Anachoweza ni kumpunguzia mzazi upweke na uchovu, na mzazi ambaye amepumzika huwa na subira zaidi kwa mtoto. Angalia pia kwamba katika mpango kama huo mgeni anajengana na mtu mzima, na mtoto hubaki na mtu wake yuleyule. Mkiwa na swali lolote kuhusu kazi ya kujitolea, lipimeni kwa hilo: je, inamtia nguvu yule atakayekuwa na mtoto kesho, au inamfunika?

Kwa sababu hiyohiyo, zawadi ya mtoto ipitie kwa mzazi wake. Mtoto anayepokea viatu kutoka kwa mgeni huku baba yake amesimama pembeni amepata viatu, lakini ameona pia kwamba baba hakuweza. Mpeni baba viatu hivyo siku ambayo mtoto hayupo. Picha za makabidhiano ziachwe kabisa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, katika kifungu cha 16, unampa mtoto haki ya faragha, na picha yake akiwa ameshika mfuko wa msaada huweza kumfuata shuleni na kumpatia jina la utani ambalo ninyi hamtalisikia. Wachangiaji wanaotaka uthibitisho waonyesheni risiti.

Kuhusu kufujwa, wasiwasi wako ni wa kawaida lakini umekuzwa kuliko ulivyo. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya mwaka 2014 tafiti kutoka Amerika ya Kusini, Afrika na Asia kuhusu familia maskini zilizopewa fedha taslimu, na hawakukuta kwamba kwa jumla matumizi ya pombe na tumbaku yaliongezeka. Mzazi aliyefikia kuomba msaada kwa kawaida anajua senti yake inakwenda wapi kuliko anavyojua mfadhili wake. Hata hivyo fedha si jibu kila mahali. Ikiwa nyumbani kuna mtu mwenye ulevi au anayempiga mwenzake, fedha taslimu zinaweza kuangukia mikononi mwake, na hapo ni salama zaidi kulipa moja kwa moja shuleni au hospitalini. Kubalianeni pia tangu mwanzo kiasi na muda, kwa mfano miezi sita kisha mtazame upya pamoja, ili mwisho wa msaada usimfikie mzazi kama adhabu.

Kundi lenu nalo lijilinde na kujichunguza. Watu wanaotaka kuwadhuru watoto hutafuta nafasi kama hizi, na huwa wakarimu na wachangamfu, si wa kutisha. Kila anayejitolea atoe wadhamini wanaomfahamu na, pale inapowezekana, cheti cha polisi. Mtu mzima asibaki faraghani na mtoto mmoja, asimpe mtoto namba yake binafsi, asimwalike kwake. Masharti haya yawahusu wote, hata mwanzilishi wa kundi, kwa sababu sharti lenye msamaha kwa wanaoheshimika halimlindi mtoto.

Na yapo mambo ambayo si yenu kuyatatua. Mkiona mtoto ana majeraha yasiyoelezeka, amedhoofu kwa njaa, anamwogopa mtu fulani waziwazi, au akiwasimulia kwamba anapigwa au kuguswa vibaya, kazi yenu ni kusikiliza kwa utulivu, kumwambia amefanya vyema kusema, na kutomwahidi kwamba mtaitunza siri. Msimhoji, maswali mengi humchanganya na huweza kuharibu ushahidi. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe, na siku hiyohiyo mfike kwa afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi au namba ya simu ya msaada kwa watoto, na akiwa amejeruhiwa apelekwe hospitali kwanza. Msimkabili mtuhumiwa, kwani mtoto ndiye atakayerudi naye nyumbani. Vivyo hivyo mzazi anayesema amechoka kuishi, au anayeogopa kwamba atamdhuru mtoto wake, anahitaji mtaalamu wa afya ya akili mara moja, na mmoja wenu aende naye badala ya kumpa anwani. Kama wasiwasi unayahusu makao mnayoyatembelea, taarifa ipelekwe kwa mamlaka iliyoyasajili na si kwa msimamizi peke yake, wala isitangazwe mtandaoni kwanza, kwa sababu makao yanayofungwa kwa kishindo huwatawanya watoto kabla hajapatikana mtu wa kufuatilia kila mmoja amepelekwa wapi.